Kasha la babu, na nani ashike negativu

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Langoni, Lamu. Babu yetu alipofariki alituachia kasha. Ndani mna vitabu vya fiqhi na nahau vilivyoandikwa kwa mkono, tendi za Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, mmoja umekatika mwisho, na fungu la magazeti ya zamani, yakiwemo matoleo ya Al-Islah. Mtafiti mmoja aliyetutembelea alisema kuna maktaba zinazoshirikiana kupiga mikrofilamu vitu adimu kama hivi. Kaka yangu hataki: asema vikishapigwa vimekwenda. Mdogo wangu acheka: asema hayo ni mambo ya zama za redio, simu yake yatosha. Mama ananingoja mimi. Nimwambie nini?

Jibu: Wa alaykum salaam mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Mwambie mama kwamba wanawe wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika nusu.

Nianze na mdogo wako. Simu na aitumie, tena wiki hii. Dari ikivuja masika moja tu, wino hautangoja kikao cha familia. Aweke kitabu karibu na dirisha pasipopiga jua, azime taa ya simu, na apige kila ukurasa, hata ule mtupu, hata jalada, hata kikaratasi cha dawa kilichosahauliwa katikati. Kando aweke rula ili ukubwa ujulikane. Zile picha asizitume kwa WhatsApp hivi hivi, maana hubanwa na herufi ndogo zikapotea; azitume kama faili, au azihamishe kwa waya kwenye diski mbili. Moja ikae kwenu, ya pili kwa jamaa mwingine, ikiwezekana nje ya kisiwa.

Ila asidhani amemaliza. Karatasi huzeeka huku unaiona. Diski haina adabu hiyo: jana ilifunguka, leo inagonga gonga ndani na imekwisha. Na hata ikipona, lazima kila baada ya miaka michache awepo mtu wa kuhamisha mafaili yake kwenye kifaa kipya. Katika familia mtu huyo huwa mmoja, naye akipata kazi Doha, mambo husimama hapo.

Hapo ndipo mikrofilamu inapoingia, na ndiyo maana haijazikwa. Ni ukanda wa filamu ya picha, aghalabu wa upana wa milimita 35, roli yake ikiwa na urefu wa kama mita 30. Kurasa hupigwa moja moja kwa kamera iliyoning'inizwa juu ya meza, zikipunguzwa mara kumi na zaidi, hata roli moja ikabeba mia kadhaa na bado ikaenea mkononi. Ufundi huu ni wa zamani sana. Paris ilipozingirwa na Waprusi mwaka 1870, barua zilipunguzwa kwenye filamu nyembamba, zikatiwa kwenye vijibomba na kufungwa kwenye manyoya ya mkia wa njiwa. Filamu ya leo, yenye chembe za fedha juu ya poliesta, ikioshwa vizuri kiwandani na kuwekwa penye baridi na ukavu, hukadiriwa kudumu miaka 500. Kuisoma hakutaki programu wala neno la siri. Taa na lenzi vyatosha.

Mwanangu, zingatia hayo maneno “baridi na ukavu”. Miaka mingi nyuma niliitwa kwenye ofisi moja ya hapa pwani, ambayo sitaitaja, nikaangalie makopo ya mikrofilamu yaliyokuwa juu ya kabati. Dirisha wazi, feni ya dari inazunguka, bahari iko hatua chache. Nilipoachia kifuniko cha kopo la kwanza, harufu ya siki ikanipanda puani kama mtu aliyefunua mtungi wa achari. Nikauvuta ukanda kidogo. Ulikuwa umejikunja kingoni, umenywea, na uso wake una mistari kama ngozi ya kobe. Hiyo ni filamu ya asetati, aina iliyotumika sana kabla ya poliesta. Joto na unyevu vikiipata huanza kutoa asidi, na ile asidi yenyewe huharakisha uharibifu, halafu mvuke wake ukavamia makopo ya jirani. Hatukuweza kuitia kwenye mashine. Nikauliza iko wapi negativu yake, yaani filamu ya kwanza iliyotoka ndani ya kamera. Wakanitazama. Ile ndiyo iliyokuwa negativu, nao walikuwa wakiisomea hiyo hiyo siku zote.

Kosa lao halikuwa kupiga filamu, ila kupiga moja. Kazi hii ikifanywa sawasawa huzaa roli tatu. Ya kwanza ni negativu mama, ile iliyokuwa ndani ya kamera. Hufungiwa chumba cha baridi na haisomwi na mtu yeyote. Ya pili huzalishwa kutoka kwa mama na kazi yake ni kuzaa nyingine. Ya tatu ndiyo ya wasomaji, nayo ikikwaruzika hutupwa na nyingine ikatolewa kutoka kwa ile ya pili. Mama na mwana hawalali nyumba moja, kwa ajili ya moto. Sasa piga hesabu: kamera, mafundi, chumba cha baridi kisichozimika umeme, na majengo mawili yaliyo mbalimbali. Maktaba gani peke yake itaubeba mzigo huo kwa ajili ya gazeti ambalo msomaji huliulizia kwa nadra?

Kwa hiyo zikaunda chama. Natumia neno hilo makusudi, kwa kuwa ni chama kama hivi vya akina mama wa mtaani kwenu. Mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, maktaba za vyuo vya Marekani zenye kukusanya mambo ya Afrika zilianzisha mradi uitwao CAMP, kifupi cha Cooperative Africana Microform Project. Kila mwanachama hutoa mchango wa mwaka. Hukutana na kujadili nini kipigwe au kinunuliwe. Kikishapatikana ni mali ya wote, na kila mmoja ana haki ya kukiazima. Makao ni Chicago, kwenye Center for Research Libraries, kituo kilichoanzishwa 1949 na vyuo vilivyochoka kila kimoja kununua na kulundika vitu vile vile visivyoguswa mara kwa mara. Jambo la kuchekesha kidogo: ile M ya katikati ilikuwa ya mikrofilamu na jamaa zake, lakini teknolojia ilipogeuka wakabadilisha maana yake iwe vifaa vya kila namna, herufi zikabaki zile zile.

Upande wetu huu, Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi mwaka 1966, ikinunua vitabu na magazeti ya nchi za eneo hili. Lile gazeti la Kiswahili ambalo wewe ulifungiwa mahamri, ndugu yake amekaa huko salama.

Lakini fedha si sababu kubwa ya maktaba kushirikiana. Sababu kubwa, na ndiyo ninayotaka uipeleke kwa mama, ni kwamba hakuna aliye na kitu kizima.

Chukua gazeti kama Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, au Baraza la Nairobi la mwaka 1939. Huyu ana miaka ya mwanzo, yule ana ya mwisho, wa tatu ana rundo la katikati lililoliwa na mchwa. Wote wangekaa na vipande vyao mpaka vikawa vumbi. Wanaposhirikiana, kwanza huandika orodha: nani ana toleo gani, la tarehe gani, limechanika wapi. Kazi hii ni kavu na inachosha, na ndiyo yenye thamani kuliko kamera. Kisha vipande huazimwa, hupangwa kwa tarehe, na kupigwa mfululizo kwenye roli moja. Palipo na pengo huwekwa kadi yenye maandishi makubwa kwamba toleo halikupatikana, ili msomaji asidhani ni uzembe wa fundi. Mwisho wa kazi inapatikana roli yenye gazeti zima ambalo pengine halikuwa zima mahali popote tangu siku lilipouzwa.

Sasa tazama magazeti ya babu yako. Al-Islah lilitolewa Mombasa mwaka 1932 na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kabla yake alikuwa na Sahifa, ya mwaka 1930. Yalikuwa magazeti madogo ya mtu mmoja mwenye shauku, ya kusomwa barazani na kupokezanwa mkono kwa mkono. Kwa hiyo kila toleo mlilo nalo huenda likawa ndilo linalokosekana kwa mwingine. Hayo ndiyo ya kuharakishwa. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao iliyosagwa, ina asidi ndani yake, na siku zikipita hugeuka rangi ya chai na kukatika kama biskuti. Kila ukilifungua kumwonyesha mgeni unalipunguza. Kwa magazeti mimi sina shaka: mikrofilamu, kwa njia ya ushirika, na kutoka kwenye filamu hiyo hiyo zitolewe picha za kompyuta.

Kwa vitabu vya mkono sisemi hivyo. Filamu ya kuhifadhia huwa nyeusi na nyeupe, na waandishi wetu walikuwa na wino mwekundu. Misahafu ya Siyu inajulikana kwa rangi zake, nyekundu na manjano kando ya nyeusi. Katika tendi, alama za kutenganisha vipande mara nyingi ni nyekundu. Katika vitabu vya fiqhi, matini, yaani maneno ya asili, huweza kuwa nyekundu na sherehe yake, yaani ufafanuzi, nyeusi. Vikipigwa filamu, vyote hugeuka weusi mmoja, na msomaji hajui ni kipi cha mwalimu na kipi cha mwanafunzi. Kwa hivyo hati zipigwe picha za rangi kwa kamera nzuri, na filamu, ikipatikana, iwe akiba.

Tena awepo mtu anayejua kusoma. Nimewahi kupewa roli ya utendi iliyopigwa na fundi hodari wa kamera asiyejua alifu. Alianza upande wa kushoto kama kitabu cha Kizungu, akaenda mpaka mwisho, na kurasa chache katikati ziko kichwa chini. Taa ilikuwa safi, herufi zimetoka kama sindano. Ilibidi niusome utendi kwa kurudi nyuma, kama kaa.

Nije kwa kaka yako. Mtu asimlaumu kwa hofu aliyo nayo, maana ina historia. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Hati yake mashuhuri iko Hamburg, Ujerumani. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yaliandikwa na Mwalimu Sikujua akishirikiana na mmishonari William Taylor, na karatasi za Taylor ziko chuo cha SOAS, London. Taarifa za mwaka za madisi, wakuu wa wilaya wa zama za ukoloni, Lamu ikiwa mojawapo, ziko Nyaraka za Taifa, lile jengo la zamani la benki pale Moi Avenue, Nairobi. Zilipigwa mikrofilamu katika miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Syracuse huko jimbo la New York kikapata nakala. Mwanafunzi wa kule hushuka ngazi akasoma habari za Lamu, na wewe hupanda basi kutwa nzima. Kaka akisema vimekwenda, ana ushahidi.

Lakini mwambie atenganishe mambo mawili. Kuna kubeba asili, na kuna kubeba nakala. Hati ya Hamburg ilikwenda yenyewe. Taarifa za wilaya zingali Nairobi, na ile nakala ya ng'ambo siku moja inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki, Mungu apishe mbali. Na kwa Muyaka naona tusijidanganye: kama karatasi zile zisingeandikwa na kutunzwa, tungekuwa tunasimulia tu kwamba palikuwa na mshairi.

Mfano wa karibu uko mlangoni kwenu. Vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha, ule wa Habib Saleh, vilipigwa picha chini ya mpango wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004. Sharti la mpango huo ni kwamba asili haihami nchini. Vitabu vimebaki Lamu, na picha zake zinafunguliwa na mtu yeyote kwenye intaneti. Ethiopia walitangulia: kuanzia 1973 hati za makanisa na monasteri, zaidi ya 9,000, zilipigwa mikrofilamu kwa makubaliano na Kanisa lenyewe, nakala zikawekwa Addis Ababa na Minnesota, Marekani. Mapinduzi yalikuja mwaka uliofuata. Filamu ziliendelea.

Kwa hiyo akija mtafiti wenu tena, msimuulize kama ni mtu mwema. Muulizeni nani atashika negativu. Kama ni picha za kompyuta, swali ni lile lile: faili kubwa za asili, zile zisizobanwa, zitakaa wapi, na nakala yenu mtapewa ya aina gani? Akiwapa picha ndogo za kuangalia kwenye simu na yeye akabaki na kubwa, amewapa ganda. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya mama: kasha halitoki nyumbani au, likitoka kwenda kupigwa, linakwenda Makumbusho ya Lamu kwa orodha iliyotiwa sahihi na siku ya kurudi, nakala kamili inabaki kwenu na nyingine katika taasisi ya hapa nchini, jina la babu linaandikwa mwanzo wa kila roli au faili, na anayetaka kuchapisha kitabu arudi kwenu kuomba. Watu wa maktaba hawachukizwi na masharti haya. Wengi wao wanayo tayari kwenye fomu zao, wanangoja tu mwenye mali aulize.

Na kabla ya yote, fungua ukurasa wa kwanza wa kila kitabu cha fiqhi utazame kama kuna maandishi ya wakfu. Vitabu vingi vya Lamu viliwekwa wakfu kwa ajili ya wanafunzi, na anayeviweka hueleza kwamba haviuzwi wala havirithiwi. Ukikuta hivyo, kitabu hicho si cha babu, wala si cha kaka. Babu alikuwa mwangalizi. Hapo kamwoneni mmoja wa masheikh, lakini kwa maoni yangu nakala iliyo wazi kwa wasomaji iko karibu zaidi na nia ya mwenye wakfu kuliko kasha lililofungwa kwa kufuli.

Mambo ya nyumbani nitayapita upesi. Msivianike juani. Msibandike selotepu, na msikubali mtu avitie plastiki ya moto kwa jina la kuvilinda. Msivipulizie dawa ya mende. Kasha liinuliwe juu ya matofali kwa ajili ya mchwa, na liwe mbali na ukuta kadiri ya kiganja, kwani ukuta wa matumbawe hunywa maji na kutoa chumvi. Msivipange kwenye zidaka za ukutani: kidaka ni pahali pa sahani za kichina, siyo pa karatasi. Mara moja kwa mwezi, siku kavu ya kaskazi, lifunueni kasha asubuhi lipate hewa. Msivae glavu za pamba. Mikono iliyooshwa na kukauka huhisi ukurasa vizuri zaidi. Namba ziandikwe kwa penseli laini, ndogo, pembeni.

Limebaki lile la utendi uliokatika, nami nimeliweka mwisho kwa kuwa ndilo lililonifurahisha. Fungua ukurasa wa mwisho uliobaki, utazame chini kabisa, pembeni kushoto. Vitabu vyetu havikuwa na namba za kurasa. Mwandishi aliandika pale chini, mara nyingi kwa mshazari, neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikitawanyika ajue ipi inafuata ipi. Kama mwandishi wenu aliliweka, basi unalo neno la kuanzia la kile kilichopotea. Linakili kwenye karatasi nyingine pamoja na beti mbili za mwisho. Usipeleke kitabu, peleka hiyo karatasi. Anza na wazee wa Mkomani, kisha Shela, na ukipata mashua inayokwenda Siyu au Pate mpe nahodha nakala, maana watu wa kule walinakili sana na wanakumbuka kwa kichwa. Pia fungua zile picha za Riyadha kwenye intaneti, ukae nazo usiku mmoja. Ukipata ukurasa unaoanza na neno hilo, niandikie hata kama ni usiku.